Pimbi Habanduliwi

Kila asubuhi kabla ya kengele, darasa letu la sita huwa kama soko: huku wanafagia, kule wanapiga soga. Siku hiyo kundi letu lilikuwa limeinamia bango la koo za wanyama, yaani nani ndugu ya nani, ambalo lingepelekwa kwenye maonyesho ya sayansi. Nilipaka gundi picha ya pimbi, nikaibandika karibu kabisa na tembo.

Wenzangu wakaangua kicheko.

"Pimbi na tembo wapi na wapi?" akasema rafiki yangu, tuliyemwita Kipepeo. "Huyo si kama sungura tu, tena asiye na masikio!"

"Ni ndugu. Nimesoma maktabani," nikajibu. " Babu yao wa kale ni mmoja."

Mwalimu wa sayansi aliingia, akatazama bango, akakunja uso. "Pimbi ni jamii ya panya. Bandua, la sivyo bango hili halitoki humu."

Kipepeo alinikanyaga mguu. "Bandua bwana, utatuponza!"

Wote walikuwa wamejitahidi, na tukikosa maonyesho lawama zote zingekuwa zangu. Lakini nilikasirika pia. Kitu cha kweli nikibandue kwa sababu kinachekesha?

"Samahani, Mwalimu, sibandui," nikasema. "Naomba kwanza tuangalie mafuvu yaliyo kabatini."

Mwalimu alinikazia macho, kisha akafungua kabati, akaweka mezani fuvu la panya na la pimbi.

"Panya ana meno mawili ya mbele chini," nikasema. "Pimbi ana manne. Meno ya juu ya panya ni bapa kama patasi. Ya pimbi yamechongoka kama pembe, na pembe za tembo nazo ni meno ya mbele. Meno peke yake hayatoshi, Mwalimu, lakini wataalamu wamelinganisha pia miguu na vinasaba."

Mwalimu aliyahesabu meno kwa kidole, akarudia tena.

"Haya, nimekosea mimi," akasema. "Sikilizeni nyote. Ukiwa na ushahidi, usirudi nyuma kwa kuogopa kuchekwa, wala kwa kumwogopa mwalimu. Uweke mezani kwa adabu, kama alivyofanya mwenzenu. Na ukionyeshwa kosa lako, likubali na ulirekebishe."

Akachukua fuvu la pimbi, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi, Mwalimu?" Kipepeo akauliza.

"Darasa la saba. Mwaka jana niliwaambia ni panya."