Simbilisi Aliyeshushwa Chini

Asubuhi Bibi Kijakazi hupika uji wa mchele. Mjukuu wake Salwa hufagia. Kisha wanakunywa uji, na hakuna anayesema kitu.

Zamani, kule Maparoni kando ya mto, utani ulianza kabla ya uji kuchemka.

"Amka, mke mwenzangu," bibi alikuwa akimwita. "Unalala kama umeolewa peke yako!"

"Wewe ndiye mke mkubwa," Salwa alijibu. "Amka wewe. Mimi bado mwali."

Mama yake Salwa alicheka mpaka akamwaga uji.

Kisha mto ukafurika. Watu walikimbilia juu ya madungu, vile vibanda vya miti mirefu wanamolindia mpunga. Mama alikumbuka tenga la bata lililoachwa chini. Akashuka kulichukua. Hakupanda tena. Bata wanajua kuogelea, lakini saa ile hakuna aliyelikumbuka hilo.

Sasa bibi na mjukuu wanaishi Kibiti, nyumbani kwa Nassibu, mjomba wake Salwa. Bibi hutundika kila kitu kwenye boriti. Ndoo iko juu. Sufuria iko juu. Unga uko juu, hata viatu. Mgeni akiingia huinama kama anatafuta sindano.

"Mama, vyombo vikiisha utanitundika na mimi," Nassibu humwambia.

Bibi hacheki. "Maji hayabishi hodi," hujibu.

Nassibu ni dereva wa bodaboda. Siku moja alirudi na boksi. Abiria wake alikuwa anahama, akampa simbilisi wawili, wanyama wadogo mfano wa sungura. Mmoja mweupe, mwingine wa kahawia. Walikuwa na manyoya laini, na hawakuwa na mkia.

"Wako hawa, Salwa. Walee," alisema Nassibu.

Salwa aliwatazama sana. Kisha akauliza, "Wanakula nini?"

Bibi alishtuka. Mtoto hakuwa ameuliza kitu tangu msiba.

"Wanakula kila kitu," alijibu Nassibu. Hakujua, ila aliona aibu kunyamaza.

Bibi akawatia kwenye tenga. Akalitundika juu, karibu na jiko. Akawapa pumba na dagaa, kama alivyowapa bata wake. Tenga likaning'inia katika moshi. Kila Salwa alipotaka kuwashika, alipanda kwenye kigoda na kuingiza mkono kwa juu. Simbilisi walipiga kelele na kurukiana.

Haukupita muda mrefu, yule mweupe akafa.

Salwa alimzika nyuma ya nyumba. Alirudi na udongo mikononi.

"Tukipenda kitu, kinakufa," alisema.

 Bibi akachota uji. "Kula," alisema. "Nimesema kula!" Salwa akageukia ukuta. Mle kwenye tenga, simbilisi wa kahawia naye alikuwa amegeukia upande wa pili. Hakugusa chakula.

Jirani yao, Bi Sikujua, alikuja kuazima ungo. Yeye hufuga sungura na simbilisi uani kwake. Alipoingia, ndoo ikamgonga kichwa.

"Salaam aleikum, na nyumba yenu yenye mapembe!" alisema huku akijisugua. Kisha akaona tenga. "Kijakazi! Huyo mnamfuga au mnamkausha kama kamba wa baharini kule Salale?"

"Yuko salama huko," alisema bibi.

"Salama gani? Amekula?"

"Tangu jana hajala," alijibu Salwa kwa sauti ndogo. "Mwenzake amekufa. Na huyu atakufa."

Bi Sikujua akaacha mzaha. Alilishusha tenga polepole.

"Sikiliza, mwanangu. Simbilisi ni mnyama wa kuliwa na wanyama wengine. Nyoka anamtaka, mwewe anamtaka. Mwewe anatokea wapi?"

"Juu."

"Na mkono wako unatokea wapi?"

Salwa alitazama mkono wake. "Juu," alisema.

"Basi kwake wewe ni mwewe. Hakuchukii, anakuogopa. Na bembea hii inamtia hofu, na moshi unamuumiza kifua. Mwekeni chini, pakavu, mbali na jiko."

"Chini hapana!" bibi alisema. Sauti yake ilipasuka. "Chini ndiko maji yanakopita."

"Kijakazi, hapa Kibiti pameinuka, mto uko mbali. Maji ya kunywa tu tunayafuata na ndoo, ndiyo yatufuate yenyewe?"

Bibi alishika kamba ya tenga.  Mwishowe aliiachia.

Bi Sikujua alituma aletewe mtungi uliovunjika. Aliulaza pembeni, juu ya nyasi kavu. "Hii nyumba yake. Mwoga akiwa na pa kujificha, hupata ujasiri wa kutoka."

"Na chakula?" aliuliza Salwa.

"Dagaa kula wewe. Yeye anakula majani. Nyasi ndiyo chakula chake kikuu, zisikosekane. Umpe mchicha kidogo, na kipande cha pera kila siku, maana asipopata mboga na matunda huugua. Na maji safi. Usimkimbize wala kumkamata. Kaa chini, nyamaza au ongea taratibu. Weka mkono sakafuni, na majani. Mwache aje mwenyewe. Siku ukimbeba, tumia mikono miwili, matako yasining'inie. Ukimaliza, nawa."

"Na asipokula?"

"Asipokula hadi jioni, twende kwa afisa mifugo. Tumbo lake halivumilii njaa."

Salwa alikaa chini mchana kutwa. Jioni kitu kilitafuna ndani ya mtungi. Kru, kru, kru. Salwa hakupepesa hata kope.

Kesho yake alikaa tena. Na siku zilizofuata. Hakuwa na la kumwambia simbilisi, kwa hiyo alimsimulia habari za mama. Alimsimulia kuhusu uji uliomwagika, na kuhusu bata. Bibi alisikia yote akiwa mlangoni. Alitaka kuingia na kumkumbatia mtoto kwa nguvu. Akakumbuka mwewe. Akaketi kimya kizingitini.

Simbilisi alianza kutoa pua. Kisha kichwa. Siku moja alikula jani mkononi mwa Salwa. Baadaye alianza kupiga mluzi kila akisikia hatua zake.

"Sasa mtafutie mwenzake," alisema Bi Sikujua. "Simbilisi hapendi upweke, na binadamu hatoshi. Wako ni jike, nami nitakupa jike. Nikikupa dume, mtafungua kijiji cha simbilisi." Alimleta, akawazoesha taratibu.

Kisha masika yakafika. Mvua ya kwanza ilipiga bati kwa kishindo. Bibi aliruka. Alichukua tenga na kamba, akawainamia simbilisi kwa juu. Wote wawili wakakimbilia mtungini, wakitetemeka.

"Bibi," alisema Salwa. "Unawatisha."

"Mvua, mwanangu. Mvua!"

"Naisikia. Mimi pia naogopa."

Bibi alisimama na kamba yake.  Salwa hakumshika wala kumvuta. Aliweka majani sakafuni, karibu yake, akapigapiga mkeka taratibu.

"Kaa chini, mke mwenzangu," alisema.

Bibi akaweka kamba. Akakaa.