Mama Mkubwa Yuko Pembeni mwa Ukurasa

Fundi cherehani alikuwa akipinda sketi ya mteja. Mama yake akaanza tena.

"Mwanangu, nitakufa sijamwona dada yangu."

"Hufi leo, mama. Leo una sketi ya kupiga pasi."

Alitania, lakini moyo ulimuuma. Wazazi wa mama walifariki mapema. Mama akachukuliwa na shangazi, dada yake akachukuliwa na mjomba. Tangu hapo, kimya.

Kesho yake fundi alikwenda kwenye parokia walikobatizwa mama na dada yake. Karani, mwanamke wa makamo, alimpa kiti.

"Nilishakuja zamani," fundi alisema. "Tulipekua kitabu cha mwaka aliozaliwa mama mkubwa. Hayumo."

"Alibatizwa akiwa mchanga?"

"Hapana. Walibatizwa siku moja na mama. Yeye alikuwa anakimbiakimbia, mama akiwa mgongoni."

Karani akacheka. "Basi mlitwanga maji kwenye kinu! Vitabu hivi hufuata tarehe ya ubatizo, siyo ya kuzaliwa. Tumtafute mama yako kwanza."

Walimpata. Mstari uliofuata ulikuwa wa dada yake, wazazi walewale. Pembeni kulikuwa na maneno ya wino mwingine.

"Hii ni ndoa yake," karani alieleza. "Mtu akifunga ndoa parokia nyingine, wao hutuletea taarifa. Sisi tunaiandika hapa, kando ya ubatizo wake."

Fundi alishangaa. Mtu asiyemjua mama mkubwa alikaa akaandika vizuri hivi! Alitamani kumshika mkono.

"Niambie anakoishi, dada. Naenda leoleo!"

"Taratibu. Habari za mtu hazigawiwi ovyo. Nitawaandikia wenzetu wa huko wamuulize. Akikubali, atakutafuta mwenyewe."

Fundi alirudi nyumbani roho juu, lakini alimheshimu karani yule. Siku hizi mteja akisema amepotezana na ndugu, humuuliza, "Alibatizwa wapi, na lini?"

Mama mkubwa alikubali. Alikuja na mkongojo, akasimama mlangoni, akamtazama mdogo wake toka juu hadi chini.

"We mtoto," akasema, "mbona umekonda hivyo? Huli?"

Mama alikuwa na wajukuu na mvi kichwa kizima. Alicheka huku machozi yakimtoka. Miaka yote hiyo, hakukuwa na mtu wa kumwita mtoto.