Maputo Mekundu ya Mama Vifungo

Kila Jumamosi asubuhi, nyumba ya Shangazi iligeuka karakana. Viti vilisukumwa ukutani, riboni zikatandazwa mezani, na yeyote aliyechungulia mlangoni alikabidhiwa kazi kabla hajamaliza kusalimia. Shangazi alikuwa mpambaji wa kumbi. Ukiona upinde wa maputo kwenye sherehe yoyote mtaani, ujue ni mikono yake, na ujue kwamba nyumba nzima ilipuliza mpaka mashavu yakauma.

Msaidizi wake mkubwa alikuwa mtoto wa kaka yake, msichana wa darasa la sita. Watu walimwita Mbona, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka mara nyingi kuliko pumzi. Mbona sabuni nyekundu inatoa povu jeupe? Mbona paka akianguka anatua kwa miguu? Bibi yake alikuwa akisema kuwa mtoto huyo hata akiota ndoto, anaota akiuliza.

Jumamosi hiyo Shangazi aliweka mezani pakiti za maputo kutoka maduka mawili. Kila duka lilitoa pakiti ya mekundu na pakiti ya meupe. Za kwanza zilitoka kwa Mama Vifungo, jirani mwenye kiduka cha nyuzi, vifungo na riboni. Nyingine zilitoka duka jipya la kona, kwa yule bwana anayevaa miwani ya jua hata akiwa ndani, ambaye watu walimwita Miwani. Pakiti zake ziling'aa kama vito.

"Muuguzi wetu anastaafu, na ukumbi nimepewa mimi," Shangazi alisema huku akitafuta viatu vyake. "Mnakumbuka harusi ile? Puto lilipasuka katikati ya hotuba, bwana harusi akazama chini ya meza. Sitaki tena aibu ile. Nijaribieni haya, mniambie ya duka gani yanafaa. Mimi nakwenda kupima ukumbi."

"Tuyajaribu vipi, Shangazi?"

"Kwani hicho kichwa ni cha kuvalia kofia tu? Fikirieni!"

Akaondoka. Mbona alibaki na binamu yake, mtoto wa Shangazi, mvulana aliyejiita Kifua kwa kujisifia mapafu yake.

Pampu ilikuwa moja. Mbona aliichukua, akaanza kujaza maputo mekundu ya Miwani taratibu. Kifua alichukua mekundu ya Mama Vifungo na kuyapuliza kwa mdomo, macho yamemtoka pima.

"Acha, Kifua! Limeshakuwa kama parachichi!"

"Bado! Hujaona kitu."

Paa! Bibi akapiga kelele kutoka jikoni, "Nani kaangusha sufuria?"

Kifua alicheka, akachukua jingine. Paa! Mwishowe yalibaki machache, akayatundika kwenye msumari wa dirishani, jua linapopiga. Ya Mbona yalitundikwa kwenye korido, nyuma ya mlango.

Kufika mchana, maputo ya dirishani yalikuwa yamefifia, kama yamepakwa unga, tena yamesinyaa. Yale ya korido yalikuwa bado yamejaa na yanang'aa.

"Jibu tunalo," alisema Mbona, mikono kiunoni. "Ya Mama Vifungo ni mabovu." Zile pakiti za meupe hawakuzigusa hata kidogo. Za nini tena, na jibu limeshapatikana?

Sasa, habari ikishampata Mbona, haikai. Jirani na nyumba yao kulikuwa na saluni, na saluni ile siku ya Jumamosi ilijaa vichwa: vilivyosukwa nusu, vilivyofungwa taulo, na vile vilivyokuja kusikiliza tu.

"Enhe, mwanangu, lete habari!" alisema msusi alipomwona mlangoni.

Mbona akaileta. Alionyesha kwa mikono jinsi maputo yalivyovimba, akapiga "paa!" kwa mdomo, na wanawake wakacheka mpaka msusi akapoteza njia kwenye kichwa alichokuwa akikisuka.

Habari ilipotoka saluni haikuwa tena ile iliyoingia. Ilipofika kituo cha mabasi, puto la Mama Vifungo lilikuwa limemlipukia mtoto usoni. Ilipofika sokoni, maputo yenyewe yalikuwa yametengenezwa kwa viatu vya mpira vilivyoyeyushwa.

Jumapili jioni Mama Vifungo alibisha hodi. Hakukaa kitini.

"Shoga yangu, nimekukosea nini?" alimuuliza Shangazi. "Leo akina mama wamenirudishia pakiti hata hawajazifungua. Msusi ananiambia maneno yametoka humu ndani. Msimu wa sherehe ndio huu. Nisipouza sasa, kile kiduka nakifunga."

Mbona alikuwa koridoni na alisikia kila neno.

"Mbona! Kifua! Njooni hapa," Shangazi aliita. "Mama Vifungo anauliza. Mjibuni."

"Ni kweli tulijaribu, Shangazi," Mbona alisema, sauti imepungua. "Ya Mama Vifungo yalipasuka. Yaliyobaki yakafifia."

"Nani aliyapuliza?"

"Kifua. Kwa mdomo."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka... mpaka basi."

"Na ya Miwani?"

"Mimi. Kwa pampu, kidogo kidogo."

"Yapi yalikaa juani?"

Mbona aligeuza macho kuelekea dirishani, kisha koridoni.

"Basi hukulinganisha maputo, mwanangu," alisema Shangazi. "Umelinganisha pampu na huyu mwanangu asiyejua kuacha. Halafu umelinganisha dirisha na korido."

Kifua aliinamisha kichwa. Mama Vifungo alijifunga khanga vizuri. "Mimi sina maneno mengi. Jaribuni tena, kwa haki. Mtakachokipata mje mniambie," alisema, akaenda zake.

Jumatatu baada ya shule, Mbona hakucheza. Alichukua boksi la kadibodi, akaweka sahani juu yake na kuchora duara kwa kalamu, kisha akalikata tundu. Kila puto lilipaswa kujazwa mpaka lipite kwenye tundu lile likigusa kingo zote. Pampu ile ile, mkono ule ule.

"Na mimi nifanye nini?" Kifua aliuliza kwa unyonge.

"Wewe funga mafundo. Na usipulize kitu!"

Walijaza mekundu mapya ya maduka yote mawili, kutoka pakiti alizoongeza Shangazi. Mengine wakayatundika koridoni, mengine dirishani, ya duka hili na ya lile pamoja. Kila mmoja ndani ya nyumba akaanza kupita akichungulia. Bibi alihamisha kigoda chake karibu, eti anachambua mchele, lakini macho yalikuwa kwenye maputo.

Mbona aliona mambo ambayo Jumamosi hakuyaona. Juani, mekundu yote yalififia, ya Miwani kwa ya Mama Vifungo. Jua halikuuliza nani ametoka duka gani. Koridoni yote yalibaki yanang'aa. Lakini alipoweka kiganja nyuma ya puto la Miwani, alihesabu vidole vyake upande wa pili. Mpira ulikuwa mwembamba na wekundu wake umekuwa wa waridi. Shingo za maputo yake mawili zilichanika Kifua alipokuwa akizifunga fundo. La Mama Vifungo lilikuwa zito, wekundu wake umekolea, na asubuhi iliyofuata lilikuwa bado duara kama lilivyofungwa.

"Kumbe!" alinong'ona Mbona. Alijisikia mwepesi. Angemwendea Mama Vifungo na habari njema, na mambo yangekwisha.

Jumanne walifungua pakiti za meupe. Ya Miwani yalijaa vizuri, ingawa nayo yalikuwa membamba. Ya Mama Vifungo hayakutaka hata kutoka kwenye pakiti. Yalikuwa yamenatana kama peremende zilizosahaulika mfukoni. Mbona alibandua moja, akaanza kulijaza. Paa! Lilipasuka hata kabla halijafika kwenye kingo za tundu. La pili, paa. La tatu, paa.

Kifua alitazama huku na huko. Bibi alikuwa ametoka. "Usiseme," alinong'ona. "Tumeshamkosea yule mama vya kutosha. Sema yake yote ni mazuri, yaishe."

Maneno yale yalimwingia Mbona vizuri kabisa. Aliichukua pakiti ya meupe na kuisukuma chini ya mto wa kiti, akakalia juu yake.

Shangazi aliingia na mizigo yake. "Haya, wataalamu. Jibu?"

"Ya Mama Vifungo ndiyo bora," alisema Mbona.

"Yote?"

Kifua aliitikia haraka, "Yote, mama."

Chini ya Mbona pakiti ilikuwa ikimchoma kama amekalia kaa la moto. Kulikuwa na aibu, ndiyo. Lakini kulikuwa na jambo jingine pia: alitaka sana kujua. Duka ni moja, muuzaji ni mmoja, iweje mekundu yawe imara hivi na meupe yawe hivyo? Na angeulizaje bila kuyaonyesha?

Akasimama, akaitoa pakiti.

"Shangazi, mbona haya yamenatana?"

Kifua alijifunika uso kwa mikono. Shangazi alibonyeza puto moja, akalinusa, akalivuta. Lilikatika.

"Haya yamekaa kwenye joto muda mrefu," alisema. "Mpira unachoka, kama ule mpira wa kiunoni wa kaptula ya Kifua." Kifua alishika kaptula yake. "Lakini yamepatia wapi joto, wakati mekundu ni mazima? Hilo hatulijui tukiwa hapa. Twende."

Dukani, Mbona alimwamkia Mama Vifungo, kisha akasema kwa pumzi moja: mekundu ni bora kuliko ya Miwani, nimekukosea, nisamehe, lakini meupe ni mabovu.

Uso wa Mama Vifungo uling'aa, kisha ukazima. "Umekuja kuniinua au kunimalizia?"

"Sijaja kukumaliza, mama. Nataka kujua. Mekundu unayaweka wapi?"

"Kwenye droo."

"Na meupe?"

Mama Vifungo alinyoosha mkono kuonyesha. Wote waligeuka. Dirishani, juani kabisa, pakiti za maputo meupe zilikuwa zimepangwa vizuri kama sahani za wageni.

"Yalikuwa yanapendeza pale," alisema polepole. Alibonyeza pakiti moja, nyingine, na nyingine. Kisha akachukua kapu, akazikusanya zote. "Kumbe nimekuwa nikiwauzia watu uchafu huu. Na hakuna aliyeniambia."

Mbona hakungoja kutumwa. Alikimbia nyumbani, akabeba boksi lake, pampu na mekundu yaliyobaki ya maduka yote mawili mpaka saluni.

"Ee, mwandishi wa habari!" msusi alimkaribisha. "Jumamosi ulisema mabovu, leo unasemaje?"

"Jumamosi sikupima, nilikisia," alisema Mbona, masikio yanamwaka. "Mekundu ya Mama Vifungo ni imara. Meupe yaliharibiwa na jua la dirishani, na ameyatoa yote. Msiniamini mimi. Jaribuni wenyewe."

Hakuna saluni inayoweza kukataa mwaliko kama huo. Mwanamke mwenye nywele zilizosukwa nusu alinyakua pampu, mwingine mwenye taulo akashika boksi, na kwa muda hapakuwa na aliyekumbuka kusuka. Walivuta, walinusa, wakaweka viganja nyuma ya maputo.

"Muuzaji anayekubali bidhaa yake mbovu na kuitupa," alisema yule wa taulo, "mimi huyo nanunua kwake." Aliondoka na taulo lake kichwani kwenda kununua mekundu.

Njiani kurudi nyumbani, Shangazi, aliyekuwa amemfuata saluni, alimshika Mbona bega. "Mekundu nitanunua kwa Mama Vifungo, meupe kwa Miwani. Sasa nisikilize. Uliposema yote mabovu, ulimwonea. Ungesema yote mazuri, ungenidanganya mimi, na yeye angeendelea kuuza meupe yale bila kujua. Kupima ni kuvipa vitu vyote nafasi sawa. Na ukipata jibu, lilete zima, hata kipande kinachouma. Ukilikata nusu, umeleta uongo."

"Nimeelewa, Shangazi."

Kabla hawajafika mlangoni, walisikia sauti ya Mama Vifungo ikiita kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameinua mzigo mpya wa riboni, bado umefungwa.

"Mbona! Njoo unipimie hizi kwanza. Siweki kitu rafuni kabla hujakiona."