Hina Inapokauka

Saa nne asubuhi, katikati ya Soko la Mgandini, mbele ya meza ya ndimu, Sabiha alikuwa anamuua mama mkwe.

"Sumu itiwe kwenye uji," aliiambia simu iliyobanwa kati ya bega na mtandio, huku mikono ikichagua ndimu. "Kidogo kidogo, asishtuke. Siku ya mazishi hakikisha wewe ndiye unayelia kuliko wote."

Muuza ndimu alikuwa ameshamzoea. Aliyeshtuka ni mwanamume aliyesimama nyuma yake, mrefu, kanzu ya rangi ya maziwa imepigwa pasi ikanyooka, mkoba wa kompyuta begani. Alikohoa mara mbili.

"Dada yangu, samahani. Huyo mwenye uji anakaa mtaa gani, nikamwonye?"

Sabiha aligeuka. Alivaa baibui la kijivu na mtandio wa zambarau, vidole vimeiva hina mpaka kwenye kucha, na uso wa mtu aliyekatizwa kazini.

"Ni mama mkwe wa Wafa."

"Na Wafa ni nani?"

"Mtu wa kichwani mwangu, mjane. Anatunza miti kule msitu wa Amani, anajua kila mmea unaoua. Naandika riwaya, kaka."

Mwanamume alicheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi angalau huyo mama apewe nafasi ya kutubu."

"Nitaangalia. Nina siku ishirini na nane tu, na madhambi yake ni mengi."

Hivyo ndivyo Sabiha wa Chumbageni, mpambaji wa maharusi, alivyokutana na Yaqoub, wakala wa forodha kule mpakani Horohoro. Ilikuwa tarehe mbili Shaaban.

Na Shaaban, kwa anayezijua harusi za Tanga, si mwezi wa kuandika riwaya. Kila mwenye binti anataka kumuoza kabla Ramadhani haijaingia, na Sabiha alikuwa na maharusi kumi na wanne wa kuwapamba. Lakini kundi la waandishi wa pwani alilojiunga nalo kwenye simu lilikuwa na changamoto yake: maneno elfu hamsini ndani ya Shaaban. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, mlango umefungwa. Atakayemaliza, mswada wake utasomwa na mhariri wa vitabu.

Mwaka juzi aliishia elfu tisa. Mwaka jana elfu thelathini na moja. Wakati huo alikuwa na mume, na mume yule kila akimuona ameshika kalamu alikumbuka kwamba ana njaa. Waliachana kwa mengine, lakini na hilo lilikuwemo. Mwaka huu Sabiha alijiapiza kwamba atamaliza, hata kama atakula kwa kusimama.

Muda aliupata mahali ambapo hakuna aliyewahi kuutafuta. Biharusi akishachorwa hina mikono na miguu, hukaa saa mbili nzima asiguse kitu, ikauke. Wapambaji wengine saa hizo hula biriani na kusengenya. Sabiha alikaa pembeni akaisimulia simu riwaya yake, na kwa kuwa vidole vyake vilijaa hina, aliyembonyezea kitufe cha kurekodi ni mama yake, Bi Zuwena, msaidizi wake wa kukoroga.

Shida ilibaki moja, nani atayachapa maneno hayo yote?

"Mimi," alisema Yaqoub simuni, siku ya pili yake. Namba aliiomba palepale kwenye ndimu, kwa kisingizio cha kutaka kujua hatima ya yule mama. "Malori yanasubiri karatasi, na mimi nasubiri malori. Kutwa nimekaa na kompyuta."

"Nikikutumia sauti utajuaje ipi ni riwaya na ipi ni mimi?"

"Niambie wewe, mwandishi."

"Riwaya itaanza na Bismillah na namba ya sura. Isipoanza hivyo, basi ni mimi nazungumza."

"Afadhali hizo zisizo na Bismillah ziwe nyingi," akasema Yaqoub, na Sabiha akakata simu ili asisikike anacheka.

Zikawa nyingi. Sura ya tatu ilipokwenda Horohoro ilifuatwa na swali kama amekula. Sura ya saba ilirudi imechapwa na maneno mawili chini: *Umenitoa machozi.* Sura ya kumi na moja Yaqoub alimpigia kugomba.

"Habibti, huyu Luka wako anayemchumbia Wafa mbona ananuka jasho sura nzima? Mvulie shati aoge."

"Umeanza kumuonea wivu mtu wa kwenye kitabu?"

"Anakuona kila siku. Mimi nakuona Jumapili."

Siku ishirini na mbili hazitoshi kumjua mtu, lakini maneno elfu thelathini na nane yanatosha, na Yaqoub alikuwa ameyachapa yote kwa vidole vyake. Jumapili ya tarehe ishirini na nne alimkuta Sabiha ufukweni Raskazone, ambako nusu ya mji ilikuwa imetoka kuvunja jungu kabla ya mfungo, masufuria ya pilau yamepangwa kwenye majamvi. Bi Zuwena aliamkiwa shikamoo yake, akaitikia marahaba, kisha akageuza kiti kuelekea baharini, akawa hana masikio.

"Nataka kuwaleta wazee kwenu," Yaqoub alisema. "Kabla ya Ramadhani."

Sabiha alitazama masufuria. Alimpenda, hilo hakuhitaji kuulizwa. Alichokiogopa ni ile njaa ya waume inayokuja ukishika kalamu.

"Nipe mpaka kesho," akajibu. "Kesho utanisikia."

Kesho yake alikuwa Makorora na biharusi wa kumi na mbili. Alipanga kumaliza kazi kwanza, ampigie jioni ametulia. Hina ilipoanza kukauka, akamwashiria mama yake abonyeze.

"Bismillah. Sura ya kumi na tisa. Wafa alimgeukia Luka, akamwambia..."

Bi Zuwena alikuwa ametoka kukamua ndimu. Alijifuta kwenye kanga, kidole kwa kidole, ndipo akabonyeza.

"...usinisubiri tena. Wazee wako wasije. Nimekaa nikafikiri, nimeona moyo wangu hauko kwako, na sitaki kukudanganya. Nenda salama."

Hapo shangazi wa biharusi akaita kwamba miguu imeharibika, mtoto kapita juu yake. Bi Zuwena akaachia kitufe, sauti ikaenda, na Sabiha akakimbilia miguu.

Jioni, kabla hajampigia, alikuta ujumbe. *Nimekuelewa, Sabiha. Allah akujaalie heri.*

Alipiga simu. Haikupokelewa. Alipiga tena mara mbili, akaiweka chini.

"Mama yake kakataa," alimwambia Bi Zuwena. "Watu wa kwao wana mashamba ya machungwa Muheza, watamtakia nini mchora hina? Na yeye kashindwa kuniambia kwa mdomo."

"Muulize."

"Simuulizi. Mwanamume anayetaka kuoa anapokea simu."

Ilimuuma, tena sana. Alilia huku anakoroga hina, mpaka mama yake akamwondolea bakuli. Kisha akajifuta uso, akachukua simu. Maneno elfu kumi na mawili yalikuwa hayajaandikwa, na hakuna mtu duniani wa kuyachapa ila yeye.

Akawa anavaa glavu za plastiki anapochora, anazivua hina inapokauka, anaandika kwa dole gumba. Aliandika kwenye ngazi za watu, kwenye foleni ya saluni, jikoni wali ukiwa unakauka. Biharusi wa kumi na tatu alimuuliza kama anagombana na mtu kwa meseji. "Nagombana na siku," alisema Sabiha bila kuinua macho.

Alhamisi alihesabu. Elfu arobaini na sita, na siku mbili mkononi.

"Mbili kwa hesabu ya nani?" Bi Zuwena aliuliza. "Na mwezi ukiandama kesho, ishirini na tisa?"

Sabiha alikaa chini. Mwezi mzima alikuwa amehesabu siku thelathini kama kalenda ya ukutani, mtoto wa Kiislamu aliyezaliwa Chumbageni, mbele ya msikiti. Hakuwa na siku mbili. Alikuwa na Ijumaa moja, mpaka magharibi.

Akameza kiburi, akaandika: *Naomba riwaya yangu.* Asubuhi ya Ijumaa faili likaja, bila neno.

Alilifungua saa tisa alasiri, akiwa Makorora tena, kwa biharusi wa mwisho. Alikuwa ameandika elfu moja zaidi tangu alfajiri, zimebaki tatu. Akashuka mpaka sura ya kumi na nane. Chini yake hapakuwa na kitu. Safari hii, alipopiga, Yaqoub alipokea.

"Mwanzo wa sura ya kumi na tisa uko wapi? Nilikutumia Jumatatu."

"Jumatatu hukunitumia sura," sauti ya Yaqoub ilikuwa kavu. "Ulinitumia jibu. Na nimeliheshimu."

"Jibu gani?"

"Isikilize mwenyewe."

Aliisikiliza mbele ya watu wote. *Usinisubiri tena. Wazee wako wasije.* Hakukuwa na Bismillah, hakukuwa na namba, hakukuwa na Wafa. Aligeuka polepole.

"Mama. Jumatatu ulibonyeza saa ngapi?"

"Nilipomaliza kujifuta mikono," alisema Bi Zuwena. "Ningeitia simu ndimu?"

Sabiha alirudi kwenye simu. "Yaqoub, yule ni Wafa anamwambia Luka. Bismillah imebaki kwenye kanga ya mama."

Nyuma ya Yaqoub lori lilipiga honi.

"Siku nne," Yaqoub alisema. "Siku nne nimekaa hapa mpakani sili."

"Na mimi nilijua mama yako kanikataa. Mbona hukupokea simu?"

"Niisikie ile mara ya pili?"

"Basi. Sina muda wa kugombana wala wa kulia," Sabiha akajipangusa kwa kiwiko. "Nimebakiwa na maneno elfu tatu na mwezi unatafutwa leo. Kompyuta iko wazi?"

"Iko wazi."

"Nakutumia niliyoyaandika mwenyewe, uyaunge. Kisha nasimulia, unachapa. Usinikatize hata ukinipenda."

"Bismillah," alisema Yaqoub.

Na Sabiha akasimulia. Hapo mwanzo wanawake waliokuwa chumbani waliendelea na maongezi yao, kisha mmoja akanyamaza, akafuata wa pili. Wafa alipoushika mlango wa mama mkwe, bakuli la uji mkononi, hata shangazi aliacha kutafuna. Sabiha alimwaga uji ule nje, kwenye mizizi ya mti, akamkalisha mama mkwe kitandani akatubu madhambi yake moja baada ya jingine.

"Ahsante," Yaqoub alinong'ona upande wa pili.

"Chapa."

"Na Luka je, anarudi?" aliuliza biharusi, mikono imenyooshwa mbele.

"Wewe usitingishike," Sabiha alimwambia. "Anarudi."

Jua lilipofika kwenye mapaa ya bati, koo lilikuwa limemkauka na Bi Zuwena anamnywesha maji kwa kikombe. Akasema sentensi ya mwisho.

"Elfu hamsini na arobaini," Yaqoub alisema baada ya kuhesabu. "Naituma kwenye kundi. Imekwenda, Sabiha. Imepokelewa."

Adhana ya magharibi ikaanza. Sabiha alikaa sakafuni kati ya makopo ya hina, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia kwa furaha.

Baada ya isha redio ikatangaza. Mwezi haukuonekana, kesho Shaaban itatimia thelathini.

"Siku nzima ya bure," Bi Zuwena alisema, akaanza kucheka. "Umejikimbiza bure, mwanangu."

"Si bure," alisema Sabiha. "Nina kazi nayo."

Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaifuta simu, na safari hii akabonyeza mwenyewe.

"Yaqoub. Hii haina Bismillah, kwa hiyo ni mimi. Kesho walete wazee. Mahari yangu ni msahafu, na saa mbili kila siku za kwangu, mlango ufungwe, hata kama una njaa. Saa mbili ni muda wa hina kukauka. Ukiona nyingi, nenda salama. Ukiona sawa, nakupenda."

Jibu lilichelewa. Lilipokuja halikuwa sauti. Yaqoub alikuwa ameyachapa maneno yake yote, kama alivyozoea, bila kupunguza nukta, na chini yake ameongeza neno moja, lile la kukubali ambalo bwana harusi hulisema mbele ya kadhi: *Qabiltu.*

"Umeharakisha," Sabiha alimwandikia. "Hilo linasemwa siku ya ndoa."

"Najua," alijibu. "Nimelitanguliza kwa maandishi, mama yako asije akalikata."