Namba za Chumba cha Nyuma

Jirani yetu Rebeccah alishona sare za shule miaka kumi na miwili katika jengo kuukuu la duka pale Sondu, mpakani mwa Kericho na Kisumu. Mchwa walikuwa wamekula nguzo za veranda na mabati yalivuja. Kaunti ilisema likirekebishwa kufikia Ijumaa, litahifadhiwa. La sivyo, tingatinga. Wapangaji wakamwita Joab, mwashi.

Jumanne Joab alibandua plasta ya chumba cha nyuma. Chini yake kulikuwa na namba za penseli, mbilimbili, kutoka juu mpaka sakafuni.

"Mama Janeffer, hawa ni kastoma wako?" akamuuliza Rebeccah.

"Ni vipimo vya fundi wa zamani. Mabega na urefu. Piga plasta, wewe, Ijumaa si mbali."

Akapiga. Jumatano asubuhi plasta mpya ilikuwa na mstari mmoja wa penseli: 20, 71.

"Nipime basi, labda unanishonea suti," Joab akatania.

Rebeccah alimpima kwa tepu, utosini hadi kisiginoni. Inchi sabini na moja. Mabega, ishirini.

Joab akacheka, akarudi kazini verandani.

Alhamisi saa nne nguzo ya veranda ilimwangukia Joab. Alikufa pale pale. Seremala alikuja kumpima kwa ajili ya jeneza, akaandika kwenye kipande cha mbao. Mabega. Urefu. Basi. Rebeccah alitazama kile kipande: 20, 71. Fundi wa nguo hapimi mtu kuanzia utosini.

Alirudi chumba cha nyuma. Chini ya namba za Joab kulikuwa na nyingine: 15, 63.

Alikimbia nyumbani, akamsimamisha ukutani bintiye Janeffer, aliyekuwa likizo ya Aprili.

"Mum, ni nini?"

"Nyamaza. Simama wima."

Mabega, kumi na tano. Urefu, sitini na moja. Inchi mbili pungufu.

Aliisugua plasta kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu. Namba zikarudi. Ijumaa aliwaambia watu wa kaunti, "Bomoeni. Tafadhali." Wakamwambia ni uchungu wa msiba. Wapangaji walikuwa wamemalizia ukarabati usiku, jengo likahifadhiwa. Wakaziwekea zile namba kioo, na onyo: ukuta usiguswe.

Agosti Janeffer alirudi kutoka shule ya bweni. Sketi aliyoshonewa Aprili ilikuwa imepanda juu ya magoti.

"Mum, niachilie pindo kidogo. Naona nimerefuka."

Rebeccah aliikunja tepu, akaitia mfukoni. Hakumpima.