Kioo Shahidi cha Koko Nestor

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijachungulia juu ya msitu, Solange alikuwa ameshaosha vyombo, amefagia uwanja na kujaza ndoo ya bluu kwenye chemchemi. Kisha aliketi mlangoni kumngoja babu yake, ambaye yeye na watoto wa mtaa mzima walimwita Koko Nestor. Hakuwahi kungoja sana. Koko alitoka na ngazi begani na raklete mkononi, yaani kile kifimbo chenye mpira cha kukaushia vioo. Kofia yake ya kijani aliivaa upande, kama mtu anayekwenda arusini.

"Solange, maji iko?"

"Iko, Koko."

"Sabuni?"

"Iko."

"Na akili?"

"Akili pia iko!"

"Basi twende, sababu bioo haiwezi kujipangusa yenyewe."

Koko Nestor alizaliwa Itebero, katika eneo la Walikale, na kazi hii alijifunza Goma alipokuwa kijana, akisafisha madirisha ya hoteli. Aliporudi Walikale, watu walimcheka. Wakati huo madirisha mengi yalikuwa ya mbao, sasa atapangusa nini? Lakini ilipofika enzi ya mgodi wa Bisie, mawe ya kasiterite, yaani madini ya bati, yakatoka msituni migongoni mwa wapagazi, na wafanyabiashara wa Butembo wakaja kujenga maduka yenye vioo barabarani. Waliomcheka wakanyamaza. Na barabara ya Walikale hamjaijua ninyi: mvua ikinyesha, pikipiki hurusha tope jekundu mpaka madirishani, jua likiwaka siku tatu, tope hilohilo huwa vumbi na kurudi kwenye vioo vilevile. Koko hakuwa na bosi. Alikuwa akisema kwamba bosi wake ni vumbi, na bosi huyo hajawahi kumfukuza mtu kazini.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Katika kila duka aliacha kioo kimoja bila kukigusa, kile cha chini karibu na mlango. Akimaliza vingine vyote, alimwita mwenye duka, akanyoosha kidole kwenye kioo kile kichafu na kusema, "Shahidi wangu njo huyu," yaani ndiye huyu. "Angalia vile bioo ilikuwa, kisha angalia vile iko sasa." Mwenye duka alitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo Koko alipokisafisha kile cha mwisho mbele ya macho yake. Solange aliipenda dakika ile kuliko zote. Ilikuwa kama kuona mchezaji akifunga bao.

Lakini tangu Pasaka mambo yalikuwa yamebadilika kidogo kidogo. Siku moja Koko alimsalimu dereva wa pikipiki akidhani ni padri. Siku nyingine alimimina chai pembeni ya kikombe, akailaumu meza kwamba imekaa vibaya. Kisha michirizi ya sabuni ikaanza kubaki kwenye pembe za vioo. Mwenye duka la dawa alipoiona, alimwambia mke wake kwa sauti isiyo ndogo, "Muzee amechoka huyu. Tutafute muntu mwingine."

Koko hakusikia. Solange alisikia, na maneno yale yalimchoma. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na ulimwenguni hakuna mtu aliyemwona hodari kama babu yake. Akaamua kumsaidia kwa siri. Alificha kitambaa kikavu ndani ya blauzi yake, na Koko alipokuwa akikunja ngazi au akipiga soga na wapita njia, yeye alipanda juu ya ndoo iliyofunikwa, akapangusa haraka haraka kila alichokiacha mzee.

Mbinu ikafanya kazi, tena vizuri mno. Mwenye duka la dawa alisema, "Ah, Papa Nestor, kumbe bado uko nguvu!" Koko akajibu kwamba miaka sitini na sita ni hesabu ya makaratasi tu, haimo mwilini mwake. Solange akacheka pamoja naye. Alijiona mwerevu kuliko mwalimu wake.

Sifa hizo zikamfikia Mama Virginie, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa amejenga duka jipya la ghorofa moja. Chini aliuza vitenge, chumvi na jibini za Masisi. Juu aliweka magunia ya maharagwe kutoka Muheto. Vioo vilikuwa chini na juu, na vile vya juu vilifunguka kwa ndani kidogo tu, kwa hiyo vilihitaji mtu wa kupanda ngazi kutoka barabarani. Mama Virginie alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Papa Nestor, anza na bioo ya chini," alisema Jumamosi moja. "Ikinipendeza, kisha mangaribi utapanda juu."

"Itakupendeza, Mama," alisema Koko. Akaiegemeza ngazi ndefu ukutani, tayari kwa baadaye, na kupanda vidato viwili ili kuipima. Aliposhuka, mguu wake ulikikosa kidato cha mwisho. Aliyumba, akashika ukuta.

"Koko!" Solange aliruka kumshika.

"Hii ngazi inacheza rumba," alisema Koko, akacheka, akaanza kazi.

Solange hakucheka. Aliitazama ngazi ile mpaka ilipoishia, juu kabisa chini ya bati. Pale juu hakukuwa na ndoo ya kupandia wala kitambaa cha siri. Pale juu Koko angekuwa peke yake na macho yake.

Alifanya kazi siku ile akiwa na hofu, na hofu haina utaratibu. Koko alipokwenda kumwaga maji machafu, Solange alipita vioo vyote mbio mbio, pembe hii, pembe ile, akafuta michirizi, akafuta alama za vidole, akafuta kila kitu. Vilikuwa vioo kumi na vinane. Hakuhesabu. Mikono yake ilikwenda yenyewe.

Koko akarudi, akanyoosha kofia yake na kuita, "Mama Virginie, kuya uone!"

Mama Virginie alitoka. Nyuma yake alitoka Bienvenu, karani wake, na wateja wawili waliotaka kujionea tu kazi ilivyo. Koko akasimama karibu na mlango, akanyoosha kidole kwenye kile kioo cha chini.

"Shahidi wangu njo huyu," alisema kwa sauti kubwa. "Angalia uchafu hii yote, Mama! Tope tangu juu mpaka chini. Kisha angalia bioo ingine."

Mama Virginie aliinama. Akatazama. Akainama zaidi.

"Uchafu gani, Papa Nestor?"

Kioo shahidi kiling'aa kuliko vyote. Solange alikuwa amekipangusa kwa mikono yake mwenyewe, na hakukumbuka.

Bienvenu alicheka kwanza, na wateja wakafuata. Koko bado alikuwa amenyoosha kidole. Polepole akakisogeza mpaka kikagusa kioo, na kidole kikalia, kwi, kama kinavyolia kwenye kioo safi. Mzee akakirudisha kidole chake na kukitazama. Kilikuwa kikavu, hakina hata punje ya vumbi. Solange aliuona uso wa babu yake ukizeeka kwa mara ya kwanza, na alitamani ardhi immeze.

"Nyamazeni," Mama Virginie aliwaambia waliocheka. Kisha akamgeukia Koko kwa upole. "Labda mutoto njo alikipangusa saa hii, bila weye kuona?"

Lo, hapo ndipo njia ilipofunguka! Ilitosha Solange aseme, "Ndiyo, Mama, nimekipangusa sasa hivi, nilisahau." Tena isingekuwa uongo mtupu. Kicheko kingeisha, aibu ingeisha, Koko angevaa kofia yake upande kama kawaida. Kisha angeishika ile ngazi na kupanda.

Solange alitazama ngazi. Akatoa kitambaa ndani ya blauzi yake.

"Ni miye, Mama," alisema. "Lakini si leo tu. Tangu Pasaka napangusa nyuma ya Koko. Koko haoni muzuri. Anaacha sabuni, anaacha tope, na miye naondosha ili bantu waseme kazi yake iko muzuri. Hiyo kioo, iwe chafu, iwe safi, hawezi kujua." Akamgeukia babu yake, machozi yakimtiririka. "Usipande, Koko. Nakuomba, usipande kule juu!"

Hakuna aliyecheka sasa. Koko aliketi juu ya ndoo ya bluu. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

"Tangu Pasaka?" aliuliza. "Bantu bananisifu kwa kazi yako, na miye ninashukuru kama mupumbavu? Juu ya nini hukuniambia?"

"Niliogopa wasikuite tena."

"Na nikianguka, njo wangeniita?"

Ni kweli Solange alikuwa amefikiria sifa tu. Kuhusu kuanguka alikuwa ameanza kufikiria asubuhi ile.

Mama Virginie alivuta kigoda, akaketi mbele ya Koko na kumtazama machoni, bila haraka. Katikati ya kila jicho palikuwa na weupe kama maji ya mchele.

"Mama yangu alikuwa na hii," alisema. "Banganga banaiita katarakti. Ni ukungu ndani ya jicho, na banaweza kuiondosha. Leo hii anashona, anatunga uzi kwenye sindano yeye mwenyewe. Mwezi unakuya, banganga ya macho batafika hospitali. Nenda, Papa Nestor."

"Muntu wa bioo kwenda kuonyesha macho yake mbovu!" alinung'unika Koko. "Wateja watasema nini?"

"Miye ni muteja," alisema Mama Virginie. "Na miye nasema nenda. Bioo ya juu itangoja. Maharagwe haichunguliange barabarani."

Koko akainuka, akaenda ukutani, akaishika ile ngazi ndefu na kuilaza chini mwenyewe. Hakuomba msaada na hakuinamisha kichwa. "Sawa," alisema. "Leo kazi imeishia chini."

Aliondoka na ngazi begani kama alivyokuja. Solange alimfuata nyuma na ndoo. Walipofika penye madimbwi, Koko alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Solange akaushika, akamwongoza kuvuka.

Madaktari walipofika, Koko alikuwa wa tatu kwenye mstari, kofia upande. Walimfanyia upasuaji wa jicho la kulia, na kumwambia la kushoto litafuata. Kitambaa kilipotolewa jichoni, jambo la kwanza alilosema ni kwamba Solange amekua sana, na hakuna aliyemwarifu.

Wiki kadhaa baadaye, daktari alipompa ruhusa ya kufanya kazi, walirudi kwa Mama Virginie. Safari hii Koko hakubeba ngazi. Alibeba mwanzi mrefu kutoka msituni, na kwenye ncha yake alikuwa amefunga raklete kwa mpira wa tairi.

"Na ngazi je?" aliuliza Bienvenu.

"Macho imerudi," alijibu Koko, "lakini miguu ingali na miaka sitini na sita. Ngazi nimewaachia bale bangali na haraka. Miye nitafikia juu nikiwa chini."

Akafikia kweli. Akiwa amesimama imara barabarani, alipeleka mwanzi mpaka chini ya bati, akavuta raklete kwa mistari iliyonyooka, na maji meusi yakashuka. Wapita njia walisimama kutazama. Solange alipewa vioo vya chini, hadharani, bila kitambaa cha siri.

Alipomaliza, Koko alikuja kukagua. Akasogeza uso karibu na kioo cha kwanza. Akaenda cha pili. Akaanza kucheka mpaka akashika tumbo.

"Ee Solange! Kumbe hivi njo ulikuwa unapangusa nyuma yangu? Hii michirizi ni ya nani sasa? Na pembe hii? Mungu wangu, na bantu walinisifu!"

Solange naye akacheka, uso ukimwaka kwa haya. Kisha Koko akaacha kucheka na kumwinamia.

"Sikia, mutoto wangu. Kuzeeka si aibu. Aibu ni kuzeeka na kujificha, na hiyo ilikuwa kosa yangu. Nilijua macho inapungua, nikalaumu meza. Weye ulinipenda, niko najua. Lakini kila ulipofunika kosa yangu, ulinisogeza kwenye ngazi bila kujua. Muntu ukimupenda, umuambie ukweli wakati angali chini. Akishapanda, utakuwa umechelewa."

"Nimesikia, Koko."

"Basi, nikufundishe pembe."

Akamwonyesha: maji kidogo, raklete ilale kidogo, usirudi nyuma, kitambaa kikavu mwisho. Mara ya tatu, kioo kikatoka safi mpaka Solange akajiona ndani yake, na nyuma yake akaona barabara na pikipiki zikipita.

Mama Virginie alitoka dukani, mikono kiunoni, akitazama juu na chini.

"Imenipendeza," alisema. "Lakini, Papa Nestor, leo shahidi iko wapi?"

Karibu na mlango kilikuwapo kioo kimoja kichafu, chenye tope tangu juu mpaka chini, na Koko alikiona vizuri kabisa. Lakini hakukinyooshea kidole. Aliweka mkono wake wenye maji begani mwa Solange.

"Shahidi wangu," alisema, "njo huyu."