Pini Zisizolazwa

Kila Jumamosi asubuhi, Babu na mjukuu wake walikaa kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Babu alikuwa fundi saa kwa miaka mingi, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Sasa alikusanya sarafu za zamani na kuwauzia wapenzi wa vitu hivyo kwa njia ya posta. Macho yake yalikuwa bado makali. Vidole ndivyo vilivyogoma. Basi vidole vya kazi vilikuwa vya mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye nyumba nzima ilimwita Cherehani, maana miguu yake haikutulia hata alipokuwa amekaa.

"Kazi hii ikifa," Babu alizoea kusema, "nitabaki kuhesabu nzi dirishani."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila ilitaka utulivu, na utulivu na Cherehani hawakuwahi kujuana. Unaishika sarafu kwa ukingo, jasho lisije likaiachia doa. Unailaza kwenye kadi yenye tundu la duara lililozibwa kwa nailoni angavu, unaikunja kadi juu yake, unabana pande zake kwa stepla. Kisha unachukua koleo na kulaza kila pini ya stepla mpaka iwe bapa kabisa. Hilo Babu hakuchoka kulisema. Pini iliyosimama ni jino. Ikikutana na sarafu ya jirani safarini, inaing'ata.

Jumamosi hiyo sarafu zilikuwa mbili, na mechi ya netiboli ilikuwa saa nne. Mteja wao, mwalimu mstaafu wa mji wa mbali, alikuwa amezitafuta sarafu hizo miaka tisa. Cherehani aliitupia jicho saa ya ukutani, akabana kadi kwa stepla, ta, ta, ta, akazibandika moja juu ya nyingine, akazizungushia nailoni na kuzitumbukiza kwenye kiboksi.

"Umelaza pini?" Babu aliuliza huku akiandika kikaratasi chake. Kila kifurushi kiliondoka na kikaratasi hicho: *Kimefungwa salama kwa mikono minne, yangu na ya mjukuu wangu.*

"Nimelaza, Babu."

Siku nyingine Babu angepitisha kidole gumba juu ya kadi. Siku hiyo alikiweka kikaratasi ndani na kusema, "Haya, neno lako linanitosha. Kimbia."

Cherehani alikimbia posta, akachukua risiti, akakimbia uwanjani. Lakini mchezo haukumkubali. Mpira ulimponyoka mara mbili, na mara ya tatu ukampiga kifuani.

"Vipi leo, mikono umeiacha nyumbani?" nahodha wao alimtania.

Wenzake walicheka. Yeye hakuweza. Aliporudi nyumbani alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia: akae, asimame, anywe maji, atoke, aingie. Na kila alipoingia aliliona koleo likining'inia kwenye msumari wake, pale pale lilipokuwa tangu Jumamosi iliyopita. Alijiambia kwamba pengine pini hazitagusa kitu. Hakuyaamini maneno yake.

Saa nane ikamkuta posta tena, peke yake.

"Kifurushi kimeshaandikishwa, binti," karani alimwambia. "Anayeweza kukichukua ni mwenye jina kwenye risiti, aje mwenyewe. Na gari linaondoka saa kumi."

Jina kwenye risiti lilikuwa la Babu. Cherehani alirudi, akauzunguka ua mara tatu. Alikuwa anaogopa kumwambia, na alikuwa anaogopa zaidi wale nzi wa dirishani. Mwishowe aliingia.

"Babu, zile pini sikuzilaza. Nilikudanganya."

Babu alichukua kofia, akalitungua koleo, akatia kadi ngumu na selotepu mfukoni. "Vaa viatu," alisema.

Njia nzima Cherehani alitangulia, akarudi, akatangulia tena, kwa kuwa Babu hakuwa na mwendo mwingine ila wake. Walifika dereva akiwa tayari anapakia magunia. Babu alitia sahihi, karani akaleta kifurushi, wakakifungua. Pini moja ilikuwa imechora mstari mrefu kwenye nailoni ya sarafu ya pili. Sarafu yenyewe ilipona kwa unene wa unywele.

"Hii ni kutoka mezani kwetu mpaka hapa tu," Babu alisema. "Safari ilikuwa haijaanza."

"Dakika kumi, mzee," dereva aliita.

Cherehani alikaa kwenye benchi. Miguu ilitaka kucheza, akaukanyaga mmoja kwa mwingine. Alilaza pini moja, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho, honi ikilia nje, naye hakuruka hata moja. Alitenga sarafu kwa kadi ngumu, akazibana zisicheze, akafunga kiboksi na kukitikisa kwenye sikio la Babu. Kilikuwa kimya. Karani alikipokea, na gari likaondoka nacho.

"Pini ni kosa la mikono," Babu alisema walipokuwa wakirudi. "Hata mimi niliharibu saa za watu nilipokuwa kijana. Lakini uliniambia uongo mahali ambapo kidole changu kingepita, na hapo ndipo uliponiumiza. Mteja aliye mbali haoni jinsi tunavyofunga, mjukuu wangu. Anaamini kikaratasi tu. Ulipokuja kusema mwenyewe, gari likiwa bado halijaondoka, ulikiokoa kile kikaratasi kisiwe uongo."

Cherehani alilia kidogo, na Babu akamwacha alie.

Jumamosi iliyofuata Babu aliuliza kama kawaida, "Umelaza pini?"

Cherehani alikishika kidole gumba cha Babu, kikitetemeka vile vile, akakiweka juu ya kadi. Babu alikipitisha polepole pande zote.

"Imani nayo hurudi hivi hivi," alisema. "Pini moja baada ya nyingine."